Kabla hujapandisha seva ya ofisi kutoka Essentials kwenda Standard

Kijana mmoja wa Arusha kaniandikia wiki hii: “Kaka, bosi keshanunua ufunguo wa Windows Server 2019 Standard. Naandika tu ile amri ya DISM, si ndiyo?” Seva yao ni ya Essentials, toleo la Windows Server la ofisi ndogo, na anataka kuipandisha iwe Standard, toleo kubwa zaidi, kwa DISM, chombo cha Windows chenyewe cha kubadilishia toleo. Najua mko wengi mnaohudumia ofisi za aina hiyo: seva moja chini ya meza ya mhasibu, na biashara nzima inaitegemea.

Amri ni mstari mmoja tu. Faili zinabaki, programu zinabaki, mashine inajiwasha upya, basi. Ila ukishapanda huna njia ya kurudi Essentials, isipokuwa kwa bakapu, yaani nakala ya akiba. Ndiyo maana mimi kazi yangu karibu yote huifanya kabla ya amri, na sioni haya kulisema hilo mbele ya mteja.

Jumapili iliyopita nimemaliza kazi kama hiyo kwenye duka la jumla la vipuri, Kariakoo. Walikuwa wamefika ukomo, maana leseni ya Essentials ni watumiaji 25 na vifaa 50, na tawi jipya lilikuwa linafunguliwa. Bosi alitaka kazi ifanyike siku ya kazi, mwezi ukiwa katikati. Nikakataa. Mhasibu alikuwa na ritani ya VAT ya tarehe 20, na mimi siigusi seva ya mtu wakati huo. Akaniambia mbele ya wafanyakazi wake, “Fundi gani wewe unaogopa kompyuta?” Wakacheka. Sikujibu, lakini niseme ukweli, bado linaniuma. Mtu anakulipa umlindie mali yake, halafu ukiilinda anakuita mwoga.

Basi sikilizeni nilichokikuta. Ofisi ilikuwa na diski ya nje, na kila usiku bakapu ilimaliza salama, alama ya kijani. Nikamwomba mhasibu anitajie ankara yoyote ya wiki ile, nikairudisha data ya programu ya uhasibu kutoka kwenye diski hiyo na kuiweka kwenye folda ya pembeni, nikaifungua. Ankara haikuwemo. Hata za mwezi uliopita hazikuwemo. Ya mwisho ilikuwa ya mwaka juzi. Kumbe fundi aliyenitangulia aliihamisha data kwenda diski D nafasi ilipojaa, na bakapu ikaendelea kuchukua C peke yake. Alama ya kijani ilikuwa kweli kabisa: C ilikuwa inahifadhiwa vizuri sana, na data ya biashara haikuwamo ndani yake. Mhasibu alikaa kimya, kisha akamwita bosi. Hakuna aliyecheka tena.

Kwa hiyo ndugu zangu, bakapu ambayo hujawahi kurudisha faili kutoka ndani yake usiihesabu. Rudisha faili moja, ifungue, mwonyeshe mwenye data aitambue mwenyewe. Bakapu ichukue diski zote pamoja na hali ya mfumo (system state), kwa sababu seva za Essentials mara nyingi ndizo domeni kontrola, yaani seva inayosimamia kuingia kwa watumiaji wote, na humo ndimo yalimo majina na nywila za ofisi nzima. Ulizia pia nywila ya DSRM, ile ya kuingilia domeni kontrola wakati wa kuirejesha ikiharibika. Kama hakuna anayeijua, iweke upya leo, wakati mashine bado ni nzima.

Halafu angalia unachokipandisha. Andika DISM /online /Get-CurrentEdition. Ukiona ServerSolution usishtuke, hiyo ndiyo Essentials. Ukiona neno lenye Eval mwishoni, simama hapo hapo. Hilo ni toleo la majaribio la siku 180, na kama mashine hiyo ni domeni kontrola huwezi kuigeuza kuwa ya leseni kamili. Itabidi uweke seva ya pili, uhamishie majukumu ya domeni huko, ndipo uishushe ya kwanza. Andika pia /Get-TargetEditions uone kama ServerStandard imo. Ufunguo nao uwe wa mwaka uleule. Wa 2022 hauipandishi 2019.

Mwambieni bosi mapema habari ya CAL, yaani leseni za wanaoitumia seva. Essentials haizihitaji, Standard inazihitaji kwa kila mtumiaji au kila kifaa, na mafundi wengi hulitaja hilo baada ya pesa kutoka. Hapo ndipo sisi sote tunaonekana matapeli. Heshima ya kazi hii tunaibomoa wenyewe kwa kuficha gharama na kuruka hatua. Mkiona mteja ana haraka, msiichukue haraka yake. Yeye ana haki ya kutojua, wewe huna.

Siku yenyewe, seva iwe kwenye UPS yenye betri nzima. Ukishaandika amri, asilimia za DISM zinaweza kuganda kwenye 10 kwa muda mrefu. Msizime mashine, msibonyeze chochote. Ikishawaka, anza na dcdiag, amri ya kupima afya ya domeni kontrola, kisha ingia kwenye kompyuta ya kaunta kama mtumiaji wa kawaida, fungua programu ya uhasibu, chapisha ankara moja. Ikitoka, mpigie mhasibu simu, umwambie kesho afungue kama kawaida.