Picha za Babu Kutoka Burma

SWALI: Mhariri mpendwa, babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza), akapigana Burma, ambayo leo ni Myanmar, katika Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya matanga ya nyanya mwezi uliopita, tulikuta ndani ya sanduku lake kopo la biskuti lenye picha tisa na kadi sita za posta, nyingine zimegandana. Wajomba wanataka zilaminishwe na kugawanywa. Je, wanafanya vyema? Na nitajuaje zilipigwa wapi? – Mjukuu, Mumias.

JIBU: Pole sana kwa msiba. Nakusihi uwazuie wajomba kabla hawajafika dukani, kwa maana mashine ya kulaminisha huyeyusha plastiki juu ya picha kwa joto, na anayejaribu kuitoa baadaye hubandua picha yenyewe. Picha za zama hizo zina utando wa jelatini unaonyonya unyevu na kunata kama gundi, na hapo ndipo zako ziliposhikana. Usizitenganishe kwa kisu wala kwa mvuke. Omba ushauri kwa wahifadhi wa Nyaraka za Taifa, Nairobi. Zilizo huru zinakiliwe kwa skana pande zote mbili, kwa nukta 600 kwa kila inchi, ili kila mjomba apate nakala, nazo zile za asili zikae pamoja, kila moja katika bahasha yake ya karatasi, mbali na moshi wa jikoni na joto la bati.

Kuhusu mahali, anza na mgongo wa kadi. Askari hawakuruhusiwa kutaja walipo, barua zao zilisomwa na wakaguzi wa jeshi, na mhuri wa posta ya jeshi mara nyingi ulikuwa na nambari badala ya jina la mji. Hivyo kadi yenye mandhari ya Colombo haithibitishi kwamba iliandikwa huko, kwani yawezekana aliinunua akapita nayo. Kisha tazama bega la sare: kichwa cha kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyofanya mazoezi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ikasonga katika Bonde la Kabaw, Burma, wakati wa mvua kubwa za mwaka 1944, kwenye matope na malaria, hadi ikavuka mto Chindwin mwezi Desemba. Ukikuta picha ya studio, askari amesimama wima mbele ya pazia lililochorwa, huenda ilipigwa mjini wakati wa mapumziko, Ceylon au India. Uchunguze nyuma kama pana mhuri wa mpiga picha.

Jambo moja ninalolitilia mkazo ni mwandiko. Askari wengi hawakujua kuandika, wakamwomba mwenzao awaandikie, na huku nyumbani mke akasomewa na mwalimu au katekista, majirani wakisikiliza. Kwa hiyo, ukiona kadi sita zenye miandiko mitatu, usidhani baadhi si za babu yako. Keti na wazee waliomjua, uwaonyeshe nakala, kila jina watakalolitaja uliandike kwenye bahasha kwa penseli laini kabla hujaitia picha ndani, na usiache kumuulizia yule mwenzake aliyesimama kando yake, kwa kuwa huenda ndiye aliyeshika kalamu.