Kioo cha mbele kikipigwa kijiwe, usikimbilie kuosha gari

Kioo changu cha kwanza nilikiua mwenyewe kwa ndoo ya maji. Nlikuwa natoka Chake narudi Wete, mbele yangu lori la kokoto halina turubai, mara nasikia tap! naangalia upande wa abiria naona kidoa kama punje ya mtama, nikasema aa, hiki nacho kitu gani. Nimefika nyumbani saa saba mchana, jua lile la kaskazi, gari imejaa vumbi, nikachota maji ya kisima nikakimwagia kioo. Wallahi hata ndoo ya pili sikuifika. Kioo kililia kama barafu ukiitia kwenye soda, nikaona mstari unatoka pale kwenye kidoa unatembea taratiiibu mpaka karibu na ukingo, na mie nimesimama na kata mkononi naangalia tu.

Sasa huku kwetu Pemba kioo cha mbele si kitu cha kutoka nje ukenda dukani ukachukua. Niliagizia Dar, kikaja na meli, kufika Mkoani kimeshapasuka ndani ya boksi na kila unayemuuliza anasema si yeye, nikaagiza chengine. Karibu mwezi na nusu naendesha na ufa, nikimuona trafiki kwa mbali nshaanza kumsalimia.

Mara ya pili kijiwe kilinipiga njia ile ile, ila safari hii nilikuwa nshauliza mafundi. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vimegandishwa na katikati yake kuna karatasi ya plastiki, kijiwe kikipiga mara nyingi kinaumiza kile cha nje tu. Kwahiyo pitisha kidole kwa ndani, ukihisi kumekwaruza basi kimepita mpaka ndani na hapo gundi haitokusaidia. Na vioo vya milangoni usijisumbue kabisa, vile ni vya aina nyengine, vikishapata vinamwagika chini kama chumvi ya mawe.

Kitu cha kwanza pale pale barabarani, bandika selotepu safi juu ya kidoa. Vumbi na maji vikishaingia mule gundi haina pa kukaa, ndo maana nasema usioshe. AC usiipulizie kioo kilichopata moto, milango usiibamize huku madirisha yote umefunga maana ile hewa inasukuma kioo, na mashimo yapite kwa adabu.

Jirani yangu mmoja mtu mzima alinikuta nahangaika akanambia, "Mwanangu, tia supagluu, itakamata." Nikamwambia mzee wangu hiyo inakauka juu juu, chini inabaki hewa, baadae inafanya ukungu. Hakuridhika, lakini alivuta kiti akakaa kuangalia.

Dawa yake ni gundi maalumu ya vioo, inauzwa kwenye kiboksi pamoja na kifaa cha kugandisha kwenye kioo na sindano isokuwa na ncha, mie niliagizia Kariakoo. Hii gundi haikauki kwa hewa, inakauka kwa miale ya jua, na hapa ndo watu wengi wanapoharibu. Wanafanya kazi juani, gundi inashika kabla haijaingia kwenye nyufa. Fanya asubuhi kioo kikiwa baridi, na kivuli kiwe cha ukuta, usende chini ya mwembe maana jua linapenya kwenye majani na ukija kunyanyua kichwa kivuli kishahama, mbali ya utomvu na kunguru. Kama kulinyesha usiku subiri kidoa kikauke chenyewe kwanza, usije na kiberiti.

Kazi yenyewe: toa unga wa kioo kwa sindano ya kushonea, polepole, usichimbe. Gandisha kifaa katikati ya kidoa, tia matone machache ya gundi, chomeka juu yake ile sindano ya kiboksi, ivute uishike imevutwa. Hapo inama uangalie kwa karibu, utaona vipovu vidogo vinapanda kutoka kwenye zile nyufa na ile nyota nyeupe inaanza kuwa nyeusi kisha inapotea mguu mmoja mmoja. Mimi mguu mmoja uligoma nikarudia kuvuta na kuachia mara tatu, mzee kule kwenye kiti kashanyamaza. Usiwe na haraka hapa, dakika kumi kumi kila mara si nyingi. Ikishajaa ondoa kifaa, tia tone moja juu, funika na kile kiplastiki chake, ndo utoe gari juani robo saa. Umalizie kwa wembe, uusimamishe wima kabisa ukwangue kilichozidi.

Alama itabaki, usidanganywe, inakuwa kama tone la maji lililokauka. Ndo maana kidoa kikiwa mbele ya macho ya dereva mie sikushauri, usiku taa za gari inayokuja zinatawanyika pale pale unapoangalia. Na kama sarafu ya mia mbili haikifuniki, au kiko ukingoni, au ufa ushakimbia, weka pesa ya kioo tu.

Changu kimepita masika mawili hakijatembea hata kidogo. Mzee akaniletea gari ya mwanawe nimfanyie, nikasema hewala, nikenda kuchukua gundi iliyobaki. Nlikuwa nimeiweka dirishani. Kichupa kizima kimeshakuwa jiwe.