Namna ya kupima kama ndizi mbivu huivisha parachichi

Ndugu muulizaji, mama mkwe wako anashikilia kwamba parachichi likifungwa pamoja na ndizi mbivu huiva upesi, nawe unataka ushahidi badala ya mabishano.

Tafuta maparachichi kumi ya aina moja yaliyochumwa siku moja, uyatie namba, kisha uyagawe kwa kura, maana ukichagua kwa macho utapeleka yaliyokomaa zaidi upande unaoupenda. Matano yafunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, na matano kwenye mfuko kama huo pamoja na kiazi kibichi chenye ukubwa uleule, ili tofauti ibaki ndizi peke yake. Kila asubuhi mpelekee mtu asiyejua namba zipi zilikaa na ndizi, abonyeze kila tunda karibu na kikonyo na kuandika yaliyolainika. Hatua hii ya mpimaji asiyejua ndiyo wengi huiruka, na kuiruka huharibu majaribio ya nyumbani. Kisha rudia jaribio lote kwa matunda mengine.

Natarajia mama atashinda, kwa kuwa ndizi mbivu hutoa gesi ya ethilini inayochochea uivaji, lakini andika utabiri wako kabla ya kuanza.

Tafadhali usilinganishe na kabaidi ya mafundi wa kuchomelea vyuma, ambayo baadhi ya watu huivishia matunda, kwani huweza kuwa na mabaki ya sumu ya aseniki. Aliyekula matunda yaliyoivishwa hivyo akaumwa aende kituo cha afya.