Kwa nini bado wananiita Bwana Shamba

Juzi usiku nimepokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Mbeya. Naunakili kama ulivyo, jina nimelitoa: "Kaka habari. Nimechukua Forester, ina klachi, ina tabo. Nimeona ulivyomaliza mwezi uliopita. Nielekeze kukata kona za vumbi bila kupunguza mwendo, maana hii ni fowili."

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwenyewe miaka 3 iliyopita, pamoja na ile "maana hii ni fowili" ya mwisho. Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona bora niliweke hapa. Najua humu tuko wengi wenye ugonjwa mmoja. Tunanunua fowili, yaani gari linaloendeshwa na tairi zote 4, lenye maandishi AWD mgongoni, tunaenda nalo shamba mara mbili, na tayari tunajiona tumezaliwa Naivasha, kule Kenya kwenye mbio za Safari Rally.

Kwa ambao hawakupata habari: mwezi uliopita, kwenye mashindano ya rali ya klabu yetu ndani ya msitu wa Sao Hill, nilimaliza wa 3 katika kundi letu la magari 11. Injini yangu ni ile ile iliyotoka kiwandani, ilhali walionifuata nyuma wawili wana mashine zilizokula pesa ya kiwanja. Sitajifanya mnyenyekevu. Kikombe kiko juu ya friji, mke wangu amekihamisha mara 4, nami nimekirudisha mara 4.

Lakini kikombe hakielezeki bila mahindi.

Subaru Impreza yangu niliinunua mwezi wa masika, na masika ya Mufindi mnayajua. Ule udongo mwekundu ukilowa unakuwa sabuni. Noah zimelala mtaroni, malori ya mbao yamefunga njia, watu wamevua viatu wanasukuma, mimi napita katikati yao kioo kimeshushwa, naulizia hali za watu. Nilivuta magari mpaka kamba ikakatika. Gari halikuwahi kunikwamisha hata siku moja, na hapo ndipo nilipodanganyika: nikaamini kwamba chombo kisichokwama hakiwezi kukuangusha.

Nikajiandikisha kwenye mashindano. Msoma ramani wangu alikuwa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa ni kutotapika garini.

Kona yenyewe iko mahali msitu unapoishia na mashamba ya kijiji yanapoanza. Unatoka kwenye mnyoofu mrefu wa misonobari, unaingia kulia, na kona inazidi kukaza kadiri unavyoingia. Changarawe yote imesukumiwa upande wa nje na malori, imelala pale kama ulezi ulioanikwa. Shemeji akasoma vizuri tu: "Kulia, inakaza." Nilisikia. Mwendo ulikuwa kwenye 90 hivi. Niligusa breki kidogo, nikazungusha usukani, gari likaendelea kunyooka. Nikazungusha zaidi. Likaendelea. Basi nikafanya kile nilichosikia vijiweni mara mia, kwamba fowili ukiona imepotea, kanyaga mafuta itajivuta yenyewe.

Nikakanyaga. Usukani ukawa mwepesi ghafla mikononi, kama mpini wa jembe lililochomoka. Tukaingia kwenye mahindi.

Hatukupinduka, Mungu mkubwa. Tulikwenda ndani kama hatua 30, mabua yakipiga boneti pa-pa-pa-pa, na sijui kwa nini niliwasha waipa. Gari liliposimama, waipa zilikuwa zinafuta majani ya mahindi kushoto kulia, shemeji ameshika karatasi zake kifuani kama Biblia. Kwenye ukingo wa njia kulikuwa na mtoto anarekodi kwa simu ya dada yake. Anachokisema kwenye ile video ni neno moja tu, analirudia kwa furaha ya moyo: "Kalima! Kalima! Kalima!"

Video ilifika Iringa mjini kabla yangu. Tangu siku ile naitwa Bwana Shamba. Mwezi uliopita nimepanda jukwaani kupokea kikombe, mtangazaji akasoma jina langu kamili, nyuma kukasikika: "Bwana Shamba, mvua zimeanza!" Nilicheka na wengine. Iliniuma.

Mama mwenye shamba hakupiga kelele. Alitembea kwenye njia niliyoifungua, akahesabu mabua kwa kidole, akanitajia bei. Nililipa palepale kwa simu. Miezi iliyofuata haina la kusimulia, ni redieta na bampa na madeni.

Aliyenifundisha ni fundi mmoja mzee pale Mafinga, aliyeendesha malori ya magogo tangu mimi sijazaliwa. Siku ya tatu baada ya ajali mvua ilikuwa haijanyesha, akaniambia twende tukaangalie kona. Nilidhani anakwenda kunicheka. Akaamkiana na yule mama kwa "kamwene" ndefu, kisha akachuchumaa barabarani na kuanza kusoma alama za tairi kama mtu anayesoma barua.

"Njoo uone," akaniambia. Alama za tairi za nyuma zilikuwa safi, nyembamba, hata kashata za tairi unaziona. Za mbele zilikuwa pana, zimepakaa, na udongo umerundikana upande mmoja kama tuta. "Mjukuu wangu, hizi za mbele hazikuwa zinakata kona. Zilikuwa zinalima. Yule mtoto alisema kweli." Akasogea mbele hatua chache, akaweka kidole mahali ambapo tuta lilizidi kuwa kubwa na alama zikanyooka kabisa. "Na hapa ndipo ulipokanyaga mafuta."

Ni hapohapo hasa.

Somo zima la makala hii nimelipata pale, nimechuchumaa kwenye vumbi. Tairi ina nguvu moja ya kushika ardhi, na nguvu hiyo inagawanywa. Gari linalosukumwa na tairi za nyuma, tairi za mbele zina kazi ya kugeuza tu. Kwenye fowili zile za mbele zinageuza na zinavuta. Kwenye lami kuna mshiko wa kutosha kazi zote mbili. Kwenye changarawe hautoshi, na ukikanyaga mafuta wakati usukani umekunjwa, tairi inachagua kuvuta na kuacha kugeuza. Juu ya hapo, ukikanyaga mafuta uzito wa gari unakimbilia nyuma, pua inainuka, na zile za mbele zinabaki zinaparaza juujuu. Kwa hiyo magurudumu manne yenye nguvu yanakusaidia kuondoka. Kwenye kusimama hayakusaidii hata kidogo, maana kila gari lina breki kwenye tairi zote 4, hata Vitz ya dada yako.

Wanaobisha nawakumbusha historia yetu wenyewe. Safari Rally ilipokuwa bado inapita nchi zote tatu za Afrika Mashariki, mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakamaliza 7 tena, kwa ajili ya mvua na tope. Mshindi miaka yote miwili ni Nick Nowicki, na gari lake lilikuwa Peugeot 404, la kusukumwa nyuma, lile lile ambalo babu zetu walilipakia mikungu ya ndizi. Audi walipoleta quattro yao ya fowili miaka ya 80 wakatesa Ulaya nzima, lakini huku Safari iliendelea kwenda kwa magari ya kusukumwa nyuma mpaka Hannu Mikkola alipoishinda na Audi 200 mwaka 1987. Fowili ni silaha, sikatai. Ila sio hirizi.

Sasa kijana wangu wa Mbeya, unafanyaje?

Breki maliza wakati gari bado limenyooka. Mapema kuliko unavyotaka. Changarawe haikamatiki, na ukiwa na ABS, zile breki zinazozuia tairi kujifunga, anza mapema zaidi: kwenye kokoto zilizolegea tairi iliyojifunga hurundika kokoto mbele yake na ule mrundo unasaidia kusimamisha gari, lakini ABS inaiachia tairi kila mara, mrundo haujengeki. Utahisi pedeli inatetemeka na kona inakuja tu.

Ukianza kugeuza, usiachie breki yote kwa mkupuo. Iachie taratibu, kama unavyomshusha mtoto aliyelala. Uzito unabaki mbele, tairi za mbele zinauma ardhi, pua inaingia. Ukiona haingii, kosa langu ni kukanyaga; dawa ni kuachia mafuta, na kupunguza kidogo kukunja usukani ili tairi zianze kuviringika tena badala ya kulima.

Halafu subiri. Hapa ndipo panapotenganisha watu, na hapa ndipo mimi niliteseka mwaka mzima. Kuna nusu sekunde gari limekaa katikati ya kona, halivuti, halisimami, na mguu wa kulia unawasha kama umeumwa na siafu. Shemeji siku hizi ana kazi ya ziada. Akishasoma kona anaongeza: "Bado… bado… bado… haya!" Kwenye "haya" pua inatazama mahali ninapotaka kwenda, usukani umeshaanza kurudi katikati, na ndipo nakanyaga mafuta yote. Hapo ndipo utaijua fowili. Gari la kuvutwa mbele linakwangua, la kusukumwa nyuma linacheza singeli, wewe umeshaondoka.

Mkia ukitoka nje usiachie mafuta ghafla, utageuka ukaangalie ulikotoka. Tazama njia unayotaka, usukani uelekee huko, mafuta yabaki kiasi, tairi za mbele zitalivuta gari linyooke. Hilo ni jambo moja ambalo kijiwe kilisema kweli, tatizo walinipa dawa ya mkia nikaitumia kwenye pua.

Kuna wale watakaokwambia ukanyage breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia uko kwenye mafuta. Inafanya kazi, tabo inabaki na pumzi na pua inashuka. Lakini mguu wa kushoto umezoea klachi, unakanyaga kama unaua nge. Mara ya kwanza nilipojaribu shemeji aliacha kunisemesha mpaka jioni. Jifunze ukiwa mwendo wa 30. Ile ya kuliyumbisha gari kwanza upande wa pili ndipo uingie konani, ya Wafini, iache. Mimi mwenyewe nimeianza mwaka huu.

Hendibreki? Kwenye Subaru za klachi difu ya kati inaunganisha mbele na nyuma, ukivuta hendibreki ukiwa unaendelea kukanyaga unapigana na gari lako mwenyewe. Kanyaga klachi kwanza. Na kama una X-Trail au RAV4 ya zile ambazo tairi za nyuma zinaamka baada ya za mbele kuteleza, jua kwamba katikati ya kona gari linaweza kubadilika tabia mkononi mwako, limeingia kama la mbele, linatoka kama la nne. Zaidi sana subira.

Tairi ziwe za saizi moja zote 4, na zimechakaa sawa. Nimeona mtu kaweka mbili mpya mbele na vipara nyuma, difu ya kati ikapika mafuta yake mpaka ikanuka. Upepo usishushe ovyo ukidhani uko kwenye mchanga wa ufukweni. Kwenye kona za mawe tairi laini inachomoka kwenye rimu.

Na nikiwa hapohapo niseme jambo, mnisamehe. Kijana hakuniuliza atajifunzia wapi, na hilo ndilo swali la kwanza. Naona video zenu. Naona mnakata kona za vumbi barabara ya kijiji, saa ambayo watoto wanatoka shule na bodaboda imebeba mama na mgonjwa. Hiyo si rali, ni kutafuta kesi. Tafuta uwanja, omba ruhusa, vaa helmeti hata kama unakwenda 40, mwambie rafiki asimame mbali, tena upande wa ndani wa kona. Mimi niliingia shamba lenye mahindi. Ningeweza kuingia shamba lenye mtu anapalilia. Nalifikiria hilo kuliko ninavyofikiria kikombe, na wanaonitania Bwana Shamba hawajui kwamba kuna usiku naamka nahesabu hatua zile 30. Gari lenu mmelinunua kwa jasho, maisha ya watu hamkuyanunua. Heshimuni barabara, heshimuni…

Basi, nimeanza kuhubiri.

Wiki iliyopita nilipita tena pale kwa mwendo wa kawaida, nikasimama kumsalimia yule mama. Ananijua sasa, ananiita mwanangu, akanipa maboga mawili. Mahindi yamestawi. Nikamwuliza mbona mwaka huu pale konani ameacha pori tupu, safari hii kaanza kupanda mbali kabisa na barabara. Akaniangalia, akaliangalia gari, akasema mwezi wa sita si ndio mnakuja tena?