Bondi ya kovalenti na ncha zake
Mkuu, umesema kila bondi ya kovalenti (atomi mbili kushirikiana elektroni) haina ncha, yaani haina upande chanya kidogo na upande hasi kidogo; si kweli. Angalia tofauti ya elektronegativiti (uwezo wa atomi kuvuta elektroni za bondi): oksijeni 3.44, hidrojeni 2.20, tofauti 1.24, kwa hiyo kwenye maji oksijeni inavutia elektroni kwake na kuwa hasi kidogo. Kaboni ni 2.55, tofauti yake na hidrojeni ni 0.35 tu, karibu hakuna ncha. Nafundisha kidato cha tano hapa Dodoma, na huwa namimina mafuta ya alizeti kwenye glasi ya maji: hayachanganyiki na maji, maana yamejaa minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni, ambayo karibu haina ncha. Ila usisahau umbo la molekuli. CO2 (kaboni dioksidi) bondi zake zina ncha, lakini molekuli imenyooka, mivuto ya pande mbili inafutana, hivyo molekuli nzima haina ncha.