Projekta ya sebuleni: soma wati kabla ya lumeni

SWALI: Habari za kazi, fundi. Naishi Buhongwa, sebule yangu ina urefu wa mita nne na upana wa mita tatu na nusu, ukuta una rangi ya krimu. Watoto wanataka sinema ukutani, baba yao anataka mpira. Nina laki sita. Dukani mjini nimeonyeshwa projekta ndogo mpya, imeandikwa “lumeni 9,500” na “4K”, laki mbili na themanini. Jirani anauza Epson ya ofisi iliyotumika, laki nne na nusu. Nichukue ipi? Na TV yetu ya inchi 43 niiuze? (Mwalimu wa shule ya msingi)

JIBU: Mwalimu, TV usiiuze. Mechi ya Uingereza inayoanza kwao saa tisa alasiri, huku kwetu inaanza saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni kulingana na majira yao, na jua la Mwanza linazama karibu na saa moja. Kipindi cha kwanza chote unakitazama kukiwa na mwanga, na hakuna projekta ya laki sita itakayoshindana na dirisha lililo wazi. Ukuta uwe wa usiku.

Sasa hiyo namba 9,500 ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Inaniuma kuona watu wanatoa fedha yao ya jasho kwa ajili ya namba ya kwenye boksi. Igeuze hiyo mashine, au shika adapta yake, usome wati. Hizi ndogo nyingi hula wati 50 hadi 80. Taa nzuri ya LED hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Chukua wati 60, tuseme umeme wote unaishia kwenye taa, feni na spika havili kitu: unapata lumeni 9,000 kwa LED bora kabisa, na hapo mwanga haujapita bado kwenye kioo cha LCD, kile kinachochora picha ndani ya mashine. Kioo hicho kimoja chenye rangi zote hunyonya sehemu kubwa sana ya mwanga. Kinachofika ukutani ni mia chache tu. Namba ya kuamini ni ile iliyoandikwa ANSI au ISO 21118, viwango rasmi vya upimaji, ambapo mwanga hupimwa sehemu tisa za picha na kutafutwa wastani.

Lakini mia chache si haba ukijua kuzitumia. Picha ya inchi 80 ina upana wa sentimita 177 na urefu wa mita moja. Lumeni 300 za ANSI zikitandazwa hapo, ukuta ukiwa mweupe na chumba giza totoro, unapata candela 54 hivi kwa mita ya mraba, hicho ni kipimo cha mng'ao wa picha unaouona. Kumbi za sinema hulenga 48. Ukivuta picha hadi inchi 120, mwanga uleule unashuka hadi 24 na sinema ya usiku inakuwa kiza kitupu. Kwa hiyo bakia inchi 80, pazia zito, na ukuta upake nyeupe isiyong'aa, maana krimu itazifanya rangi zote zielekee unjano.

“4K” hapo maana yake mashine inapokea tu picha ya 4K, kisha inaipunguza iingie kwenye kioo chake, ambacho kinaweza kuwa na pikseli (nukta zinazounda picha) 1280 kwa 720, au hata 800 kwa 480. Fungua ukurasa wenye maandishi madogo. Herufi zikivurugika, umeshapata jibu. Hiyo ya laki mbili na themanini iache.

Epson ya jirani ndiyo inayonivutia. Inatumia vioo vitatu, kimoja kwa kila rangi, na za ofisi nyingi hutoa lumeni 2,500 hadi 3,500 za kweli. Muulize mambo mawili. Kwanza pikseli: ikiwa 1280 kwa 800, chukua, ikiwa 1024 kwa 768, sinema itabaki na mistari myeusi juu na chini na robo ya mwanga itapotea bure. Pili saa za taa, zimo kwenye menyu. Taa hizi hupangiwa saa elfu nne hadi sita hivi, na kufikia mwisho huo mwanga umebaki nusu. Ikiwa imeshapita elfu tatu, piga hesabu ya taa mpya kabla hujakubali bei.

Inakula umeme, wati 250 hadi 350. Na umeme ukikatika ghafla feni inasimama taa ikiwa bado ya moto sana, jambo linaloifupishia maisha. Weka UPS (betri ya akiba), hata ndogo, ili uizime projekta kwa utaratibu.

Chujio la hewa lisafishe kila mwezi, vumbi la kiangazi halina huruma. Wasomaji wa Kirumba, Bwiru na Luchelele nawaonya zaidi: wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga kama wingu, na projekta ndogo isiyozibwa ndani huwavuta pamoja na hewa hadi kwenye kioo. Mdudu mmoja akiganda pale, ukutani unaona doa la ukubwa wa kiganja. Ukinunua ya LED, uliza kama sehemu ya kioo na lenzi imezibwa.

Sauti, unganisha king'amuzi na sabufa kwa waya. Bluetooth huchelewesha maneno nyuma ya midomo.

Nenda kwa jirani usiku, na king'amuzi chako na waya wa HDMI. Iache iwake nusu saa. Weka picha nyeupe tupu: ukiona madoa ya njano au ya buluu, vioo vimeanza kuungua, na hiyo hata kwa laki mbili usiichukue.