Nyumba ipo kwa simu, ukifika na watoto haipo

Dada, umeuliza kama ahadi ya jiji lenu la Marekani ya kupinga ubaguzi wa makazi ina meno, maana kwa simu uliambiwa nyumba ipo, ulipofika na watoto ukaambiwa imeshachukuliwa. Meno yapo, ila msingi wake ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, ambayo tangu marekebisho ya 1988 inakataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto. Rangi, dini, jinsia, asili na ulemavu vimo pia.

Kabla ya kugombana na mtu, piga picha ya skrini ya tangazo la nyumba kama bado lipo, tarehe ionekane. Andika nani alikuambia nini, saa ngapi. Mwombe rafiki asiye na watoto aulizie nyumba hiyo hiyo. Akiambiwa ipo, huo ni ushahidi mzito kuliko machozi yote (samahani, lakini ndivyo ilivyo).

Kisha nenda ofisi ya makazi ya jiji, au peleka malalamiko HUD, wizara ya makazi. Ni bure, na una mwaka 1 tangu tukio; mahakamani ni miaka 2. Kiingereza kikikusumbua, omba mkalimani.

Chunguza kwanza: majengo ya wazee yanaruhusiwa kukataa watoto. Na mwenye nyumba anayeishi humo humo, jengo likiwa na nyumba zisizozidi 4, anaweza kuponyoka sheria hii, ingawa ya jimbo lako huenda ikambana. Ila kutangaza "hatutaki watoto", hata yeye haruhusiwi.